Usukani unacheza ukifika 97 tu, na balansi imeshafanywa mara mbili

"Habari mtaalamu. Nina motahomu (gari-nyumba) ya kama mita tisa, injini iko mbele, ekseli ya mbele ni ile nzima ya springi, tairi 255/70R22.5. Shida ni mtetemo wa mbele. Chini ya kilomita 85 kwa saa gari limetulia kabisa, ikifika 90 usukani unaanza kucheza mikononi, 97 hadi 100 ni balaa, vikombe vinagongana kabatini, nikipandisha mpaka 108 inapungua karibu iishe. Nikikanyaga breki haiongezeki. Gari lilikaa miezi saba bila kutembea nikajua ni tairi, nikanunua mbili mpya za mbele, zimefanyiwa balansi mara mbili, alaimenti imefanywa, kile kishokapu cha usukani nacho nimeweka kipya. Mtetemo ni uleule wa mwanzo. Sasa fundi anasema tubadilishe kingpini na tai rodi endi zote, ni kazi kubwa na hela nyingi. Nikubali au kuna kitu tumeruka?"

Ndugu yangu, hela ya kingpini, zile pini ambazo magurudumu ya mbele yanageukia, iache mfukoni kwanza. Sisemi kingpini zako ni nzima, sijaziona, na gari likipandishwa jeki zikakutwa zinacheza utazibadilisha tu maana hapo tunaongelea usalama wako na sio raha ya safari. Ila kama unachotaka ni huu mtetemo wa 97 uondoke, naona kabisa utalipa, utatoka gereji umefurahi, utafika 90 na vikombe vitaanza tena.

Sababu ni hii. Kingpini haizunguki na tairi, tai rodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele yageuke pamoja, haizunguki, bushi hazizunguki, na kitu kisichozunguka hakiwezi chenyewe kutengeneza mtetemo unaokuja kwenye spidi fulani, ukapanda, ukafika kileleni, alafu ukashuka. Kilicholegea kinasubiri kitikiswe. Kikitikiswa ndo kinakuza, yani mtetemo ambao ungekuwa mdogo unaufikia usukani ukiwa mkubwa, na hapo ndo mafundi wengi wanapopotea, wanaona kitu kinacheza kidogo (na gari lililotembea miaka halikosi kitu kinachocheza kidogo) wanasema huyu ndiye mwizi. Kulegea kwenyewe kuna tabia yake tofauti: gari linapiga shimo au kiungo cha daraja, ghafla usukani unaanza kurusha kushoto kulia kwa nguvu mpaka upunguze mwendo kabisa ndo uache. Ukipata hiyo, sawa, tuanze na kingpini, na tai rodi, na pembe ya kasta (mlalo wa kingpini kwenda nyuma). We hujasema hivyo. We umesema 90 inaanza, 97 inachachamaa, 108 inatulia. Hicho ni kitu kinachozunguka ambacho hakiko sawa.

Tupige hesabu ndogo maana itatusaidia huko mbele. Tairi yako ikizunguka mara moja gari linasogea kama mita 2.9. Kwenye 97 kwa saa unaenda mita 27 kila sekunde, kwa hiyo gurudumu linazunguka mara 9 na kidogo kwa sekunde. Sasa ekseli nzima ya mbele ya gari zito, ikiwa imekaa juu ya springi zake na chini yake kuna tairi ambayo nayo ni springi ya mpira, ina mdundo wake wa asili, na kwa magari ya aina hii mdundo huo huangukia takriban mara 10 hivi kwa sekunde. Ni kama mtoto kwenye bembea, ukimsukuma nje ya wakati wake haendi popote hata ukitumia nguvu, ukimsukuma kila anaporudi hata kwa kidole kimoja ataruka juu. Gurudumu lako kwenye 97 linasukuma ekseli kwa wakati wake kabisa. Kwenye 85 bado halijafika, kwenye 108 limeshapita.

Na hapo kuna kosa moja la hatari ambalo wenye motahomu wengi wanalo, wanasema basi mimi natembea 110 tu, pale gari linakuwa zuri. Halijawa zuri. Ile nguvu inayosukuma inaongezeka kwa mraba wa spidi, kutoka 97 kwenda 108 imepanda kama robo nzima, ila ekseli imeshindwa kuifuata ndo maana husikii. Beringi zinasikia, mpira wa tairi unasikia. Ukiweka gramu 100 tu za uzito uliozidi upande mmoja wa rimu ya inchi 22.5, kwenye 97 zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 10, juu, chini, juu, chini, mara 9 kila sekunde. Gramu 100 ni kitu kidogo sana kwenye gurudumu la ukubwa huo, tope lililokauka ndani ya rimu linafikisha bila shida.

Kabla ya kugusa gari hakikisha kweli ni gurudumu, manake injini na propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) navyo vinazunguka. Tafuta barabara nzuri isiyo na magari mengi, nenda kwenye ile spidi ya balaa, alafu shusha gia moja ukiwa umebaki kwenye spidi ileile. Mzunguko wa injini umepanda, wa magurudumu haujabadilika. Mtetemo ukibaki vilevile injini imejitoa. Propela nayo ina sauti yake, kwa kuwa inazunguka mara nne au tano zaidi ya tairi kutegemea difu (gia za ekseli ya nyuma), mtetemo wake unakuwa mwembamba wa haraka, unausikia kama mvumo kwenye sakafu na masikioni, huwezi kuuhesabu, na mara nyingi unabadilika ukikanyaga au ukiachia mafuta. Wa gurudumu ni mnene, karibu uuhesabu, na haujali umekanyaga au umeachia. Ukitaka uhakika zaidi kuna programu za simu zinazopima mtikisiko, mwenzako (sio we unayeendesha) aiweke simu sakafuni karibu na reli ya kiti asome. Ikionyesha 9 hadi 10 kwa sekunde ni gurudumu. Ikionyesha 18 au 19 bado ni gurudumu ila kuna kitu kinagonga mara mbili kila mzunguko, hapo fikiria tairi au rimu iliyokaa kama yai badala ya duara. Ikienda 35, 40 na zaidi, angalia injini na propela.

Na usiyasahau ya nyuma. Umebadilisha mbili za mbele, lakini zile nyingine nazo zilikaa miezi saba zikiwa zimebeba gari lote pale pale. Tairi ikikaa muda mrefu upande wa chini unalala bapa. Ubapa wa kulala usiku kucha unaisha ikipata moto kwenye kilomita za mwanzo, wa miezi mingi chini ya mzigo kuna wakati hauondoki tena. Dalili zako za usukani zinaelekea mbele, hilo sipingi, ila muulize anayekaa kiti cha nyuma, akiwa amefunga mkanda, kama huko mtetemo ni mkubwa kuliko kwako. Akisema ndiyo tubadilishe mwelekeo.

Tuseme ni mbele. Sasa naomba usome tena sentensi yako mwenyewe: mtetemo ni uleule wa mwanzo. Kwangu hiyo sentensi ina thamani kuliko vyote ulivyobadilisha. Tairi za zamani mbovu zikitoka, mpya zikaingia, kitu kingebadilika hata kidogo, kingeanza 80 badala ya 90, au kingepungua, au kingeongezeka. Mtetemo ukibaki uleule kabisa manake chanzo hakikutoka na tairi za zamani. Kwa hiyo jiulize nini kilibaki. Rimu zilibaki. Habu (kile kitovu rimu inapofungwa), disiki za breki au dramu, stadi (bolti za gurudumu) na nati, beringi. Makava ya kung'aa ya rimu, kama unayo, yalibaki. Vile visensa vya upepo vinavyofungwa juu ya valvu vilibaki. Na mashine ya balansi pamoja na yule aliyeiendesha, nao walibaki. Orodha ni fupi, na kingpini nazo zilibaki ndiyo, ila nimeshasema zenyewe hazina cha kuzungusha.

Hapa ndipo nitakaa kidogo maana ndo kiini cha shida nyingi za namna hii. Balansi na duara ni vitu viwili. Mashine ya balansi inaning'iniza gurudumu hewani inalizungusha na kuuliza swali moja tu, uzito umegawanyika sawa? Haiulizi kama tairi ni duara, haiulizi kama likibeba tani mbili bado litakuwa duara, na haijui gurudumu hilo litafungwa vipi kwenye gari lako. Unaweza kuwa na rimu iliyopinda, ukaiwekea vipande vya risasi mpaka mashine ikaonyesha sifuri sifuri, ukaifunga, na ukifika 97 inaruka vilevile kwa sababu kila mzunguko inanyanyua ekseli kwa ule mpindo. Ndo maana balansi ya pili haikusaidia, na ya tatu kwenye mashine ileile haitasaidia.

Kwa hiyo pima duara, na hicho ni kipimo unachoweza kukifanya mwenyewe kwa chaki. Gari liwe sehemu ngumu tambarare, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa magogo pande zote mbili, inua ekseli ya mbele kwa jeki inayobeba uzito huo na uweke stendi chini ya ekseli. Zile jeki za kusawazisha gari kambini usizitumie kuinua magurudumu, na usiingie chini ya gari lililosimama juu yake hata kwa dakika moja. Kama huna vifaa hivyo ruka hapa peleka gereji, sitaki ufe kwa ajili ya vikombe. Chukua kipande cha ubao au tofali, kiweke chini mbele ya tairi, shika chaki ikiwa imeegemea juu ya ubao imara isisogee, isogeze taratibu mpaka karibu iguse mpira, alafu mwenzako azungushe gurudumu polepole kwa mkono. Likiwa duara chaki itaacha mstari mwembamba kuzunguka kote au haitaacha kabisa. Likiwa na mpando, yani sehemu iliyopanda kuliko nyingine, utaona alama nyeupe inatokea sehemu moja tu, inafifia, inapotea, na pengo kati ya chaki na mpira linafunguka upande wa pili kiasi cha kuliona kwa macho. Pima pengo hilo. Kwenye gurudumu kubwa kama lako likianza kufika milimita 2 mimi naanza kulitilia shaka, 2.5 nalikataa. Rudia kwa ubavu wa tairi uone kama linayumba kushoto kulia.

Ukipata mpando usikimbilie kulaumu tairi. Weka alama juu kabisa palipopanda, alafu pima rimu yenyewe pale kwenye ukingo wa chuma. Rimu ikizunguka sawa lakini mpira unapanda, kosa liko kwenye tairi au jinsi lilivyokaa ndani ya rimu. Angalia karibu na ukingo wa rimu, kila tairi ina mstari mwembamba ulioinuka kwenye mpira unaozunguka wote. Umbali kati ya mstari huo na chuma unatakiwa ulingane mzunguko mzima. Ukikuta mahali umezama na upande wa pili umetoka, tairi halijakaa vizuri kwenye kiti chake, halina ubovu wowote, litolewe upepo, lipakwe mafuta ya kufungia, lijazwe upya na fundi wa tairi kubwa. Hii ni ya mara kwa mara mno kwenye tairi mpya, watu wana haraka, na mashine ya balansi inalificha vizuri tu.

Ikiwa rimu nayo inapanda, bado usinunue rimu. Ilegeze, izungushe nusu duara, ifunge stadi nyingine, upime tena. Mpando ukihama na rimu, rimu imepinda. Mpando ukibaki palepale kwa habu, basi rimu inafungwa nje ya kati au habu yenyewe ina kitu. Kwenye magari haya kuna mifumo miwili ya kufunga, kuna rimu inayokaa juu ya kitovu cha habu, nati zina sahani bapa na kazi yake ni kubana tu, na kuna inayowekwa katikati na nati zenyewe zenye umbo la koni. Ile ya kwanza ikiwa na kutu, rangi iliyopakwa nene, au vile vishikio vidogo vya habu vimelika, rimu inakaa milimita moja chini kwa uzito wake na fundi akianza kukaza nati ya chini kwa mashine kubwa ya upepo inafungwa hivyo hivyo pembeni. Ile ya pili ukikaza nati moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, umeshaivuta upande. Dawa ni ileile, safisha uso wa habu na wa rimu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, anza kufunga kwa mkono na nati iliyo juu, kaza kwa kuvuka, kidogo kidogo, alafu malizia kwa toki renchi kwa kiwango cha kitabu cha gari. Rimu nyingi kubwa za kukaa juu ya habu zenye stadi za M22 (unene wa milimita 22) huwa kati ya Nm 610 na 680, yani kipimo cha nguvu ya kukaza, ila fuata kitabu chako sio mimi. Na baada ya kilomita 80 hadi 160 urudie kukaza, hilo watu hawalifanyi.

Sasa ile mashine. Muulize fundi gurudumu lilishikwaje. Rimu ya kukaa juu ya habu inatakiwa ishikwe kwa tundu lake la katikati na koni inayolingana, na mashine iwe ya magurudumu makubwa. Koni ikiwa ndogo au ya gari dogo iliyolazimishwa, gurudumu linabalansiwa likizunguka kwenye kitovu ambacho sio kile litakachozungukia barabarani, na mashine itaonyesha sifuri bila aibu. Kipimo cha kumkamata ni rahisi, mwambie alegeze gurudumu kwenye mashine, alizungushe nusu duara, alifunge tena bila kuongeza kitu, aendeshe mashine upya. Ikiwa sifuri imegeuka gramu 60 au 80, ile balansi ya kwanza haikuwa balansi.

Makava ya kung'aa nayo nayasema kwa sababu ni ugonjwa wa motahomu hasa. Gurudumu linabalansiwa uchi, alafu tunafunga juu yake kava la chuma ambalo halijakaa katikati, valvu ndefu ya chuma, na sensa ya upepo kwenye ncha yake. Vyote hivyo viko mbali na kitovu. Jaribio lake halina gharama yoyote, toa makava na visensa vya mbele, nenda barabarani, rudi. Kama yamefungwa kwa nati za gurudumu zenyewe hakikisha nati zimerudi na zimekazwa. Ningekuwa we ningeanza na hili leo jioni kabla ya chaki.

Kikibaki kitu baada ya hapo, rimu ni duara, tairi imekaa vizuri, ufungaji ni safi, na bado 97 inacheza, basi tunaingia kwenye habu, disiki na dramu. Vitu hivi vina uzito mkubwa na havijawahi kuonana na mashine ya balansi tangu gari litoke kiwandani. Dramu nyingi hubalansiwa kwa kuchomelewa kipande au kukatwa sehemu, na kikitoka kile kipande hakuna atakayejua. Umesema breki haziongezi mtetemo, hiyo inaondoa disiki iliyopinda upande wa kubanwa, haiondoi disiki au dramu yenye uzito upande mmoja. Hapa ndo balansi ya kwenye gari inapofaa, ile ambapo fundi anazungusha gurudumu likiwa limefungwa mahali pake na kusahihisha kila kitu kwa pamoja, tairi, rimu, habu na breki. Inafanya kazi vizuri sana kwa shida kama yako. Ubaya wake, siku utakapotoa gurudumu lazima lirudi kwenye stadi zilezile, kwa hiyo weka alama ya rangi, na wa pili ni kwamba haitibu tairi isiyo duara, ndo maana nimekupeleka kwenye chaki kwanza.

Utashauriwa pia zile shanga za kumwagwa ndani ya tairi zijibalansi zenyewe. Siko dhidi yake kabisa, kwenye tairi za malori zinasaidia tairi inavyozidi kuisha, lakini haziondoi mpando wala haziondoi kuyumba kwa ubavu, na ukiziweka sasa utaongeza kitu kingine cha kutilia shaka wakati bado hujapata cha kwanza. Kuna pia mafundi wenye mashine ya kukwangua tairi mpaka iwe duara, inafanya kazi kweli, ila unakata mpira uliolipia, na kama tairi bado iko kwenye dhamana ni bora ubadilishiwe.

Yale mengine uliyofanya niyapitie haraka. Alaimenti haileti mtetemo wa spidi moja, inaleta gari kuvuta upande na tairi kulika vibaya, sasa tairi ikishalika kwa mawimbi ndo mtetemo unakuja, kwa hiyo hukupoteza kabisa. Kishokapu cha usukani kinameza mtikisiko, hakitibu kinachotikisa, na kipya kikiwa imara sana kinaweza hata kukuficha shida mpaka ikue. Shokapu za ekseli zenyewe hujazitaja, zikiwa zimekufa ekseli inaruka bila wa kuishika na kile kilele cha 97 kinakuwa kirefu kuliko kinavyostahili, ziangaliwe kama zinavuja, na upitishe kiganja juu ya tairi, ukisikia mabonde na vilima kuzunguka tairi hiyo ni saini yake. Upepo nao: pima asubuhi tairi likiwa baridi, na kiwango kitoke kwenye uzito halisi wa gurudumu lako ukilinganisha na jedwali la mtengenezaji wa tairi, lakini usishuke chini ya mzigo uliobeba. Ile namba kubwa kwenye ubavu wa tairi ni ya mzigo wa mwisho kabisa, watu wanaijaza hiyo bila kupima gari, alafu tairi linakuwa gumu na kila kasoro inapita moja kwa moja mpaka mikononi.

Turudi kwa kingpini zako ili usibaki na wasiwasi. Gari likiwa juu ya stendi kwa ajili ya chaki, shika tairi juu na chini, tikisa, mwenzako aangalie kwa tochi pale ngumi ya ekseli (kile kipande kinachogeuka na gurudumu) inapokutana na ekseli. Ikicheza hapo ni kingpini, ikicheza habu dhidi ya ngumi ni beringi, na kuna njia ya kuzitofautisha, mwenzako akanyage breki utikise tena, beringi inatulia, kingpini inaendelea. Kushoto na kulia, angalia tai rodi endi, mchezo unaoonekana kwa macho pale kwenye kiungo chenyewe haukubaliki. Ukishamaliza kukagua piga grisi kwenye nipo zote (vichuchu vya kupitishia grisi), gari lililokaa miezi saba grisi yake imekauka. Vikicheza kupita kiwango cha kitabu, badilisha, nitakuunga mkono. Visipocheza mwambie fundi akuonyeshe kwa macho anachotaka kubadilisha, fundi mzuri hatakasirika.

Kuna mambo ambayo hayasubiri majaribio haya yote. Mtetemo ukianza ghafla katikati ya safari ambapo haukuwepo asubuhi, au unaongezeka kila dakika, toka barabarani simama. Tairi lenye uvimbe kwenye ubavu au nundu kwenye uso, nyaya za ndani zimeachana, usitembee nalo hata kwenda gereji, liletewe fundi. Michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati kwenda nje, au mashimo ya rimu yaliyong'aa, hizo ni nati zilizolegea. Habu moja ya moto kuliko mwenzake baada ya kuendesha bila kubana breki sana, harufu ya kuungua, hiyo ni kalipa (kifaa kinachobana breki) iliyoganda au beringi inayokufa, na mtetemo unaozidi kadiri unavyotembea mara nyingi ni huo. Na ule usukani wa kurusharusha baada ya shimo niliosema mwanzo, ukitokea hata mara moja gari liende kwa kuvutwa.

Gereji ya motahomu sio lazima, tafuta ya malori, wao magurudumu ya 22.5 ni mkate wao wa kila siku na wana geji ya mshale ya kupimia mpando kwa sehemu ya milimita. Ukifika usiseme nifanyie balansi, utafanyiwa balansi. Sema nataka mpando wa tairi na wa rimu upimwe gurudumu likiwa kwenye gari, kushoto na kulia, nipewe namba zimeandikwa, alafu balansi ya kwenye gari ikibidi. Namba hizo pamoja na matokeo ya kutoa makava ukinitumia, nitakuambia kama rimu inastahili kutupwa au inastahili brashi ya waya.